Kitabu cha kura cha California kilichofungia jagi: nyota tatu na nusu

Kilifika Mwanza kikiwa kimezungushiwa jagi la kioo na kukazwa kwa mpira. Binti wa dada yangu anaishi Oakland, California, ana uraia wa kule, na alipokuja likizo ya Desemba alifungulia sanduku sebuleni kwa mama yake. Wenzangu walipokea jagi. Mimi nikapokea kitabu.

"Mjomba, achana nacho, hicho ni cha kufungia tu."

Nimeshika karatasi miaka 22, siachi kirahisi. Nina duka la steshenari na uchapaji Mirongo: kadi za harusi, vitabu vya resiti, ratiba za misiba, na kila uchaguzi ukifika, mabango ya wagombea. Kwa hiyo mnaosoma hapa mjue, anayeongea ni mchapaji. Siasa za Wamarekani nawaachia wenyewe.

Ni mwongozo rasmi wa mpiga kura, uchaguzi wa Novemba 5, 2024. Unatolewa na ofisi ya Katibu wa Jimbo, anayesimamia uchaguzi kule, unapelekwa nyumbani kwa posta, bure. Karatasi ni ya gazeti, nyepesi, na wino unabaki kwenye kidole gumba. Kwa kufungia vyombo nakipa nyota tano, jagi halikupata hata ufa.

Kule watu hawapigii kura sura peke yake. Wanapigia na sheria zenyewe, na mwaka huo jimbo zima liliulizwa maswali 10. (Mwaka 2016 yalikuwa 17 na kitabu kikafika kurasa 224. Nilipiga hesabu ya rimu nikaacha njiani.) Kila swali limepangwa kwa mtindo mmoja: muhtasari wa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, uchambuzi wa gharama kutoka kwa mchambuzi wa Bunge lao ambaye hafungamani na chama, halafu wanaotaka na wasiotaka wanagawiwa ukurasa. Hoja mwisho maneno 500, majibu ya kumpinga mwenzako mwisho 250. Hakuna wa kulipia herufi kubwa zaidi. Mbele kabisa kuna visanduku viwili vidogo kwa kila swali: ukisema NDIYO, maana yake hii, ukisema HAPANA, maana yake hii. Ningekuwa na uwezo ningevichapa hivyo visanduku kwenye kila mkataba wa mkopo unaosainiwa mjini hapa.

Kilichonikamata ni swali namba 6. Liliuliza kama katiba ya jimbo iache kuruhusu wafungwa walazimishwe kazi kama sehemu ya adhabu. Upande wa kuunga mkono umejaa. Upande wa pili, mahali pa hoja ya kupinga, kuna taarifa fupi tu: hakuna hoja ya kupinga iliyoletwa. Kwa mchapaji nafasi tupu ni pesa imelala. Mteja wangu yeyote angeniambia weka pale picha, weka ua, weka namba ya simu. Wao waliandika kwamba hakuna mtu aliyekuja, wakaendelea. Na siku ya kura swali lile likaanguka, zaidi ya asilimia 53 walisema hapana. Nilimuuliza mpwa wangu, hao wote walikuwa wapi siku ya kuandika hoja? Akacheka, akaniambia niulize na kwenye vikao vya ukoo wetu.

Jambo jingine la kututia wivu sisi wa mashine: kabla ya kuchapwa, maandishi yote yanawekwa wazi kwa umma siku 20, na mpiga kura yeyote akiona neno la uongo au la kupotosha anaweza kwenda mahakamani libadilishwe. Profu, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, ya siku 20! Mimi natuma profu WhatsApp, mteja anajibu "poa" kabla hata picha haijafunguka, kesho yake kadi 300 zinarudi kwa sababu jina la bwana harusi limekosa herufi, na kosa ni langu.

Ila chini ya kila ukurasa wa hoja kuna onyo kwamba hayo ni maoni ya waandishi na hakuna ofisi ya serikali iliyohakiki ukweli wake. Nilisoma mara mbili. Yaani mahakama ipo kwa anayewahi kulalamika, asipotokea mtu, kinachapwa hivyo hivyo kwa kodi ya wananchi. Nusu nyota nimeikata hapo.

Wagombea wa nafasi za jimbo zima nao wanaweza kununua nafasi ya kujieleza kwenye kitabu, mwisho maneno 250, dola 25 kwa neno, na kwa nafasi kama ya gavana lazima kwanza mgombea akubali kikomo cha matumizi. Hapo nikawaonea huruma kwa lugha yao. "Hatutawaangusha" ni neno moja, dola 25. Kwa Kiingereza hiyo ahadi inakula maneno sita, dola 150. Kitabu kinatoka kwa lugha 10, Kikhmer kimo, Kitagalogi kimo. Kiswahili nilikitafuta nikijua kabisa sitakikuta.

Sasa pesa. Kitabu kina ukurasa unaosema kamati yoyote ya kuunga mkono au kupinga swali la kura iliyokusanya dola milioni 1 au zaidi lazima itaje wachangiaji wake 10 wakubwa, halafu kinakuambia majina kayatafute mtandaoni. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Una kitabu mkononi, mwenye hela kafichwa kwenye tovuti. Kwa nini majina 10 yasikae chini ya hoja, pale pale penye onyo?

Nikaingia mtandaoni jioni moja, dukani, kijana wa bodaboda anayenipelekea mizigo Igoma akiwa amekaa kwenye maboksi ya karatasi. Mfumo unaitwa Cal-Access na umri wake unauona usoni: vibofyo vidogo, jedwali linazaa jedwali. Sheria ya 2016 iliagiza mfumo mpya ujengwe. Tuliokutana nao ni mzee yule yule. Lakini ukivumilia, vitu vimo. Aliyetoa dola 100 au zaidi anaandikwa jina, mji, kazi na mwajiri. Tukatafuta swali namba 22 la mwaka 2020, la madereva wa programu za simu: wahesabiwe wafanyakazi au watu waliojiajiri? Uber, Lyft, DoorDash na wenzao waliweka zaidi ya dola milioni 200, wakashinda.

Kijana akauliza, "Sasa bosi, hela yote hiyo walikuwa wanataka nini?"

"Msiwe waajiriwa."

Akanyamaza kidogo, akatazama simu yake, oda ilikuwa imeingia.

Nimeacha mwisho kinachonihusu mimi: vipimo vya herufi. Kule ukituma barua za kampeni zaidi ya 200 zinazofanana, lazima jina na anuani ya mtumaji vionekane kwa herufi zisizopungua pointi 6. Matangazo ya kamati za maswali ya kura yana sheria kali zaidi: kisanduku cheupe, Arial pointi 10 kwenda juu, na wachangiaji watatu wakubwa waliotoa dola 50,000 au zaidi watajwe. Nikachapa zote mbili nikampelekea mama mdogo anayeuza dagaa Kirumba, anasoma kwa miwani. Pointi 10 akaisoma mpaka nukta. Ile ya 6 akaisogeza mbali, akaileta karibu, akanirudishia: "Mwanangu, hii ni nzi au maandishi?"

Kwetu ipo Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, mgombea anatakiwa kueleza alichotumia, na taarifa zinakwenda kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Ndiyo maana resiti yangu ya EFD, ile mashine ya kodi, ina uzito. Kampeni moja ya nyuma alikuja mtu saa tatu usiku, mabango 4,000, akataka resiti iandikwe 1,500 na iliyobaki iwe "kalenda" kwa jina la shemeji yake. Nilikataa. Akachukua mzigo nusu, nusu nyingine ipo stoo mpaka leo. Nyuma yake ni nyeupe, watoto wa shule wanafanyia hesabu.

Kwa hiyo mpangilio nyota tano, karatasi tatu, tovuti moja na nusu kwa heshima ya uzee, jumla nimeweka tatu na nusu. Nakala ipo kaunta, nimeifunga kamba. Anayesubiri fotokopi anaruhusiwa kusoma. Ukurasa wa swali la 6 nao msiuchane, tayari mmoja ameondoka na karanga ndani ya swali la 4.