Uzoefu wangu na uuguzi wa nyumbani kwa mama

Nilipotafuta muuguzi wa kuja nyumbani baada ya mama kupata kiharusi, nilitaka mtu wa kumpima presha, kumpa dawa kwa wakati na kumgeuza kitandani. Hayo yote huduma hii inayafanya, tena vizuri. Lakini kilichonigusa hasa ni kwamba muuguzi alianza na mama mwenyewe kabla ya kuugusa ugonjwa. Alimuuliza analalaje, ibada zake anazifanyaje siku hizi, anamkumbuka nani, anaogopa nini. Akamwacha ajibu kwa mwendo wake.

Kisha akaomba kuona dawa zote anazotumia, hata zile zilizonunuliwa bila cheti. Mojawapo ilikuwa ya usingizi, na mama asubuhi alikuwa akipepesuka. Muuguzi akampima presha akiwa amelala, akampima tena akiwa amesimama: imeshuka sana. Hakubadilisha kitu kwa uamuzi wake, alimpigia daktari, na dozi ikapunguzwa. Siku hizi mama huketi kwanza ukingoni mwa kitanda, akapumzika kidogo, ndipo ainuke.

La masikio lilinifurahisha kuliko yote. Mama alikuwa hajibu akisemeshwa, watu wakaanza kusema akili inamtoka. Muuguzi akamulika: nta imejaa pande zote mbili! Ilipolainishwa na kutolewa, mama akarudi kwenye mazungumzo, na hata hamu ya kula ikaongezeka. Mzee asiyesikia hujitenga, na upweke nao humdhoofisha mwili.

Ngozi nayo anaiangalia kwa makini, hasa visigino na sehemu ya chini ya mgongo. Alinieleza kwamba kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo hupapasa kutafuta joto au ugumu usio wa kawaida. Mama hajapata kidonda cha malalo, yaani kile kinachotokana na kulalia sehemu moja muda mrefu.

Dosari ipo, na si ndogo. Mwishoni mwa wiki huletwa muuguzi mwingine, na mmoja wao alimgeuza mama bila hata kumwambia anataka kufanya nini. Mama alishtuka, akakataa kuguswa siku nzima. Nililalamika, wakaweka daftari la makabidhiano kando ya kitanda. Limesaidia, ila kama unawachukua, sisitiza tangu mwanzo kwamba mzee wako ahudumiwe na watu wale wale.