Uzoefu wangu: siku tatu Delft, Gouda na Leiden

Nilifikia kwa dada yangu Den Haag, na kila aliyesikia nipo Uholanzi aliniomba picha za Amsterdam. Sina. Siku tatu nilizokuwa nazo nilizimalizia kwenye miji midogo mitatu, kila siku mmoja, jioni narudi kulala kwa dada. Delft unaifikia kwa tramu namba 1. Gouda na Leiden ni treni, na zote mbili hazikufika hata nusu saa. Ukiingia unagusisha kadi ya benki kwenye mashine, ukishuka unagusisha tena. Siku ya kwanza nilishuka nikiwa bize na mazungumzo, nikasahau kugusisha, nikakatwa hela nyingi kuliko nauli. Uzembe wangu.

Delft nilianza na mnara wa kanisa la Nieuwe Kerk. Ngazi ni 376, zinazunguka kama konokono, na njia ni nyembamba kiasi kwamba mkikutana lazima mmoja ajibanze ukutani. Mzee mmoja alinipisha huku anahema. Nami juu zaidi nikampisha mwingine huku nahema kumshinda yeye. Juu kuna upepo wa kuondoka na mtandio, lakini siku ya jua unaiona Den Haag upande mmoja na Rotterdam upande mwingine. Mwenye magoti mabovu abaki chini tu, hajakosa kitu: ndani ya kanisa kuna kaburi la Willem van Oranje, aliyeongoza uasi dhidi ya Wahispania waliokuwa wakiitawala nchi, na sanamu ya mbwa wake imelala miguuni pake. Mfalme Felipe wa Pili wa Hispania alimtangazia donge nono atakayemuua, na tarehe 10 Julai 1584 Willem akapigwa risasi kwenye ngazi za Prinsenhof, makazi yake ambayo sasa ni makumbusho, dakika chache kwa miguu kutoka hapo. Matundu ya risasi bado yapo ukutani. Ulizia kwanza kama makumbusho hayo yamefunguliwa.

Kanisa la pili, Oude Kerk, mnara wake umeinama mpaka nikajikuta nami nimeinamisha shingo. Ulijengwa juu ya mfereji uliofukiwa, udongo ukaanza kutitia ujenzi ukiwa bado unaendelea. Mchoraji Vermeer kazikwa humo. Tiketi moja inaingia makanisa yote mawili. Ya mnara inalipiwa mbali.

Lakini kilichonishika Delft ni vyombo. Kiwanda cha Royal Delft kilianza mwaka 1653, na ndicho pekee kilichobaki kati ya vile vya karne ile. Nilisimama karibu na mama mmoja anayepaka rangi sahani, brashi yake ina ncha kama sindano, na kila mchoro anaoupiga ni mweusi. Nikadhani nimekosea chumba, si wanasema buluu ya Delft? Kumbe rangi ile ina madini ya kobalti, inaingia tanuri nyeusi, inatoka buluu. Na vyombo vyenyewe vya zamani si kaure. Ni udongo wa kawaida uliochovywa kwenye rojo nyeupe yenye bati ili ufanane na vyombo vya China. Kule China kulipochafuka kwa vita na utawala wa Ming kuanguka, shehena zilipungua, mafundi wa Delft wakajaza pengo. Hapo nikakumbuka makaburi ya mnara ya Kunduchi, Dar es Salaam, yale yaliyopachikwa sahani za Kichina. Watu wa pwani yetu nao waliitamani buluu ileile, ila wao hawakuiga, walinunua.

Gouda nendeni Alhamisi asubuhi, kati ya Aprili na Agosti. Siku nyingine mtakuta uwanja tu na ukumbi wa mji wa mwaka 1450, mzuri, lakini ni picha mbili na kuondoka. Alhamisi jibini za mduara zinapangwa chini kwenye mawe, na wakulima na wanunuzi wanapatana bei kwa kupigana viganja: huyu anataja bei anapiga, yule anakataa anataja yake anapiga, mpaka wakubaliane. Siku hizi ni maonyesho kwa ajili ya wageni, wala hawafichi. Wamevaa viatu vya mbao, si mitalawanda yetu ya bafuni, vyao vinafunika mguu wote. Onjeni jibini iliyokaa muda mrefu, ile inayosagika mdomoni kama ina chembe za chumvi.

Halafu wengi wanageuka na kurudi stesheni, na hapo ndipo wanapokosea. Kanisa la Sint-Jan lina urefu wa mita 123 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, refu kuliko yote nchini, na vioo vyake vya rangi vya karne ya 16 bado vipo. Nilitafuta kioo namba 7: zawadi ya yuleyule Felipe, mwaka 1557. Nikaenda namba 22: zawadi ya yuleyule Willem. Aliyetoa fedha ili mwenzake auawe, na aliyeuawa, wote wanapitisha mwanga kwenye kanisa moja. Nilikaa kwenye benchi muda mrefu. Dada alikuwa nje anasubiri, kachukia.

Leiden ilininyeshea. Tulipanda boti la mfereji la kampuni moja ambayo sitaitaja: vioo vimejaa ukungu, maelezo ni ya kurekodiwa na yalikatikakatika, kwa hiyo tulizunguka mji tukitazama pumzi zetu wenyewe. Boti naipa nyota moja, na hiyo ni kwa sababu halikuzama. Mvua ilipokatika tukapanda Burcht, ngome ya mduara juu ya kilima, bure kabisa, na ukitaka kuujua mji anza pale. Mwaka 1574 Wahispania waliuzingira mji huu mpaka watu wakafa kwa njaa. Upande wa Willem wakatoboa matuta ya kuzuia maji, nchi ikafurika, boti za msaada zikapita juu ya mashamba. Tarehe 3 Oktoba wakaingia na samaki aina ya heringi na mkate mweupe, na mpaka leo siku hiyo mji unakula hivyohivyo. Chuo kikuu kilifuata mwaka 1575; ndicho ambacho kwa miaka mingi kimefundisha hata Kiswahili.

Kama ningeanza upya ningeanza na Leiden, kisha Gouda, Delft mwisho, maana ni hadithi moja na mimi niliisoma kuanzia mazishi.

Kabla ya treni tulipita kwenye kibanda cha samaki. Heringi yao haipikwi, inawekwa chumvi tu, na dada kwa ulimbukeni wake wa miaka sita Ulaya aliishika mkia akaishusha kooni. Mimi niliomba nikatiwe vipande. Laini kama siagi, na vitunguu juu. Nikaulizia ndimu na pilipili, muuzaji akanitazama kama nimemtukana. Mkienda, bebeni ndimu yenu.