Nengo: uhuru wa kuandika funksheni zako mwenyewe
Kinachonivutia zaidi katika Nengo, maktaba ya Python ya kuigiza mitandao ya neva, ni namna inavyopokea funksheni za mtumiaji: unaandika funksheni ya kawaida, tuseme ya kutafuta kipeo cha pili cha namba, unaiambatisha kwenye muunganisho wa makundi mawili ya niuroni, na maktaba yenyewe inakokotoa uzito (nguvu ya viungo kati ya niuroni) utakaoikadiria. Nilipoijaribu kwa niuroni 50, mstari wa grafu ya matokeo ulitetemeka. Kwa niuroni 500 ukatulia sana, kwani kelele, yaani mitikisiko isiyotakiwa katika matokeo, hupungua kadiri niuroni zinavyoongezeka. Funksheni zenye miruko ya ghafla hukadiriwa kwa shida, hivyo ni afadhali kuziweka kwenye nodi, ambayo huitekeleza funksheni moja kwa moja bila kupitia niuroni.