Kwotabeki wawili: Florida 2006 na Ohio State 2015

Hizi ni timu mbili za vyuo vikuu katika futiboli ya Kimarekani, kila moja ikiwa na kwotabeki wawili, yaani wachezaji wanaoongoza mashambulizi. Kocha alikuwa yuleyule, Urban Meyer. Kule Florida kila mtu alijua zamu yake: Chris Leak, mkongwe, alianza mechi na kurusha pasi, Tim Tebow, mwaka wake wa kwanza chuoni, aliingia zikibaki yadi chache, akapenya na mpira kama fahali. Wakatwaa ubingwa wa taifa wakiichapa Ohio State, hiyohiyo, 41-14.

Ohio State ya 2015? Cardale Jones na J.T. Barrett waligombea kazi moja, leo huyu, kesho yule. Hapo mimi ningechagua mmoja mapema, hata kama angekosea. Walipoteza mechi moja tu, 17-14 mbele ya Michigan State, nayo ikawanyima nafasi ya kutetea taji la taifa walilotwaa msimu uliotangulia.