Programu ya MIDI kwa kibodi ya staili: nimebaki na Sekaiju na Reaper

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asimalize bando. Kama una kibodi ya staili, yaani yenye midundo ya kusindikiza ndani yake, iwe Yamaha PSR, Korg Pa au ndugu zao, na unataka kutengeneza au kurekebisha midi (mafaili ya amri za noti, si ya sauti yenyewe) za kupigia kwenye shughuli, pakua Sekaiju leo. Mkono ukizoea, ongeza Reaper. Cubase, Sonar na wenzao ni programu nzuri, sizibezi, ila kwa kazi hii utakuwa unalipia kodi ya chumba usicholala.

Mimi napiga kinanda Tanga, kwenye harusi na sendofu; taarab ya kisasa kwa sehemu kubwa, na rhumba pale wazee wanapotaka kuinuka. Kibodi yangu ni PSR-S970, kompyuta ni Dell ya mtumba yenye RAM ya GB 4. Jukwaani siendi na kompyuta. Umeme wa kumbi zetu unajulikana, jenereta ndiyo usiseme, na meza ya kuwekea laptop ukifika unakuta imeshawekwa keki. Naenda na flashi. Kwa hiyo kila programu niliiuliza swali moja tu: nikihifadhi wimbo na kuuchomeka kwenye kibodi, utalia kama nilivyousikia nyumbani?

Watu wa studio hawana shida hii. Wao sauti zinatoka ndani ya kompyuta. Sisi sauti zimo ndani ya kibodi, na tumeshazilipia. Programu inatuma amri tu: chaneli hii, sauti ile, noti hii, kwa nguvu hii. Ndiyo maana huhitaji kadi ya sauti ya bei mbaya, na ile kero ya kubonyeza noti sasa hivi ikalia baadaye huipati, kwa sababu kinacholia ni kinanda chenyewe.

Shida yetu iko kwenye sauti. General MIDI ya 1991, mpangilio wa pamoja wa watengenezaji wa vinanda, ilipanga sauti 128 na kuzipa ngoma chaneli ya 10. Kibodi ya leo ina sauti mamia, kwa hiyo kila moja ina anwani ya sehemu tatu: MSB na LSB, ambazo ni namba mbili za benki (fungu la sauti), kisha namba ya sauti yenyewe, na zinatumwa kwa mpangilio huohuo. Kibodi ikipokea benki inakaa nayo kimya. Haibadiliki mpaka namba ya sauti ifike. Sasa programu ikizichanganya, au ikiidondosha LSB njiani, ile fidla tamu uliyoichagua kwenye paneli inarudi kuwa fidla ya kawaida, kavu, ya midi za bure. Nyumbani hutajua, kwa sababu kibodi bado imeshikilia sauti uliyoiweka kwa mkono. Utajua ukumbini.

Hapo ndipo Sekaiju inapoongoza. Ni ya bure, ni ya Windows, imetoka Japani, na sura yake ni ya kompyuta za zamani: madirisha juu ya madirisha, vitufe vidogo, hakuna cha kukuvutia macho. Lakini inafungua midi moja kwa moja na kuihifadhi moja kwa moja, bila kukuuliza habari za projekti, yaani faili la kazi la programu yenyewe. Haina sauti za ndani wala haihangaiki na kurekodi waimbaji. Ukifungua orodha ya matukio unaona kila kilichomo kwenye faili, mstari kwa mstari, kwa wakati wake: benki, sauti, volyumu, noti, SysEx (amri maalumu za mtengenezaji wa kibodi). Unafuta mstari mbovu, unaandika mpya, unahifadhi. Yamekwisha.

Mfano wa karibu. Wimbo wa taarab niliopewa na rafiki ulikuwa na kodiani inayolia kama kinanda cha mdomo. Kwenye orodha nikakuta namba ya sauti ni 22. Kwenye kitabu cha kibodi kodiani ni 22 kweli, lakini kitabu kinahesabu kuanzia 1, na amri zinazopita kwenye waya zinahesabu kuanzia 0. Ukiandika 22 kwenye programu inayohesabu kuanzia 0, kibodi inatoa ya 23, na ya 23 ni kinanda cha mdomo. Nikaandika 21, kodiani ikarudi. Kabla hujaanza kazi kwenye programu yoyote, ijaribu kwa njia hii: iagize sauti unayoijua, usikie inakupa ipi.

Mwanzo wa kila wimbo naacha baa moja (kipimo kimoja cha mapigo) tupu. Kwenye pigo la kwanza naweka ule ujumbe wa kuirudisha Yamaha kwenye hali ya XG (mpangilio wa sauti wa Yamaha wenyewe), F0 43 10 4C 00 00 7E 00 F7, ili mabaki ya wimbo uliotangulia yafutike. Kibodi inahitaji kama milisekunde 50 kumaliza kazi hiyo, kwa hiyo benki na sauti nazianzisha pigo la pili, chaneli baada ya chaneli, na noti ya kwanza inaingia baa ya pili. Wapo wanaorundika vyote kwenye nukta moja, halafu wanalalamika kwamba kibodi inasahau volyumu. Haisahau. Ilikuwa bado inafuta ubao.

Kwa anayepiga maqamu (ngazi ya noti za Kiarabu) ya Rasti, SysEx ina faida nyingine. Kuanzia C, noti za E na B zinatakiwa zishushwe senti 50, yaani robo toni, na XG inaruhusu kufanya hivyo kwa kila chaneli peke yake. Fidla na kanuni (ile ala ya nyuzi ya taarab) zinashuka, besi inabaki palepale. Naiandika mara moja kwenye ile baa tupu, na usiku wa shughuli sigusi kitufe.

Mapungufu ya Sekaiju nayo yapo. Kurekodi wimbo mzima kwa tabaka, ukarudia kipande, ukakata hapa na kunakili pale, kunachosha. Hapo ndipo naingia Reaper. Imetengenezwa na Cockos, kampuni ya Justin Frankel, yule wa Winamp ambayo wengi wetu tulisikilizia nyimbo zamani. Faili la kuisakinisha ni dogo kwa programu ya ukubwa huo, linapakulika hata kwa bando la wiki. Unaitumia siku 60 kwa majaribio bila kufungiwa kitu, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Kwa Dell yangu haikohoi.

Ninachokipenda zaidi ni namna inavyonyoosha noti, yaani kuzivuta zikae sawa na pigo. Sebene si kitu cha kunyoosha asilimia mia. Gitaa la solo linatakiwa litangulie kidogo, lile la kati lizembee kidogo, na ukizipanga noti zote kwenye mstari unapata mlio wa simu. Reaper inakuachia uchague nguvu ya kunyoosha. Mimi naiweka nusu au chini ya nusu, ngoma naikaza zaidi, magitaa nayaacha na ulevi wao.

Midi ya nje ukiiingiza, Reaper inauliza kama ichukue na mwendo wa wimbo. Kubali, la sivyo wimbo utaenda kwa mwendo wa projekti, ambao kwa kawaida ni 120. Kama chaneli zote zimefungwa kwenye mstari mmoja, kuna amri ya kuzipasua kila moja na mstari wake. Ukimaliza, usihifadhi projekti ukadhani umepata midi; nenda kwenye menyu ya faili, toa MIDI ya projekti, na uchague ile ya mstari mmoja, aina ya 0. PSR za karibuni zinasoma aina ya 1 pia, lakini ya 0 inakubalika hata kwenye kibodi kuukuu ya kuazima, na shughuli za kuazima kibodi tunazijua.

Jambo moja la kuangalia, iwe Reaper au nyingine. Mwimbaji wetu, bi mkubwa, hupenda kusema dakika ya mwisho, "Mwanangu, leo nipandishie." Jukwaani kibodi inafanya hivyo yenyewe. Lakini ukihamisha ki (ufunguo wa wimbo) kwenye kompyuta ukachagua noti zote kwa pamoja, unahamisha na chaneli ya 10. Pale noti si sauti ya juu au ya chini, kila noti ni chombo chake. Pandisha hatua mbili: kiki iliyokuwa 36 inakuwa 38, yaani sinea. Besi ya mguu imepotea, sinea inalia mahali pa kiki, na wapiga makofi wanapotea. Chagua chaneli zote, ya ngoma iache.

Nyingine nizipitie haraka. Cakewalk ni ya zamani, toka 1987, na kampuni ya BandLab waliigawa bure kuanzia 2018. Siku hizi wanakupeleka kwenye Sonar, ambayo nayo ina toleo la bure ila lazima uwe na akaunti. Uzuri wa ukoo huu ni mafaili ya majina ya vyombo: unaipa orodha ya kibodi yako, na badala ya namba unaona majina ya sauti. Kwa kompyuta yangu ni nzito. Cubase ni ya Steinberg, na Steinberg ni mali ya Yamaha, kwa hiyo wengi hudhani ndiyo chaguo la PSR. Undugu huo haukupunguzii kazi ya benki na sauti hata kidogo, na bei si ya mpiga harusi. MuseScore ni ya kuandikia noti. Mwalimu wa kwaya ataipenda, lakini midi uliyoipiga kwa mkono ukiifungua humo utaona msitu wa mapumziko madogomadogo. GarageBand ya Mac inarekodi vizuri, ila haina mlango wa kawaida wa kutoa faili la MIDI, na sisi tunachotafuta ni faili.

Kuhusu waya: PSR yenye tundu la USB TO HOST inatumia waya uleule wa printa, wa bei ndogo. Kwenye kompyuta itaonekana milango miwili. Chagua wa kwanza. Kibodi zenye matundu ya pini tano tu zinahitaji kiunganishi, na hapo usikimbilie cha rahisi kuliko vyote. Nilipata kimoja dukani kilichopitisha noti vizuri kabisa na kumeza SysEx zote, na muuzaji akaniapia kuwa tatizo ni kibodi. Ukirekodi, zima Local Control (kinachounganisha vitufe na sauti za kibodi yenyewe) kwenye menyu ya MIDI ya kibodi, la sivyo kila noti italia mara mbili: ya kidole na ya kompyuta. Na kama unataka staili yenyewe iingie kwenye kompyuta, na si mkono wa kulia tu, chagua mpangilio wa MIDI unaotuma sehemu zote. Ngoma, besi na kodi (noti zinazolia kwa pamoja) zitaingia chaneli ya 9 hadi 16.

Mafaili ya staili yenyewe usiyaguse kwa programu hizi. Ni kweli kwamba ukibadilisha jina la mwisho yanafunguka kama midi. Lakini ndani yake kuna kipande kiitwacho CASM kinachoiambia kibodi namna ya kufuata kodi unazobonyeza, na programu ya kawaida ikihifadhi hukitupa bila kukuambia. Staili inarudi kwenye kibodi inalia, ukibonyeza D ndogo besi inakwenda kwao. Kazi hiyo ifanyie kwenye kibodi, kwenye sehemu yake ya kutengenezea staili, na kopi ya awali ibaki kwenye flashi nyingine.