Kalibu ya silikoni ya kuokea granola: nimeitumia miezi mitano, haya ndiyo niliyoyaona

Niliinunua kwa sababu moja: nilichoka kukata. Kila Jumapili jioni nilikuwa naoka granola, yaani oti zilizoshikanishwa na asali pamoja na mbegu, kwenye trei ya bati ya sentimita 20 kwa 20, naiacha ipoe, kisha nasimama na kisu kikubwa. Kipande kimoja kinatoka kinene, kingine chembamba, na pembeni linabaki rundo la chenga. Watoto wangu wawili wanahesabiana. Mkubwa ana miaka tisa, mdogo sita, na kipande cha mwenzake siku zote ndicho kikubwa. Nilipoiona kalibu ya silikoni yenye vishimo vinane vilivyolingana, kila kimoja urefu wa sentimita 12, upana 3 na kina 2.5, niliinunua siku hiyohiyo.

Kalibu za namna hii zinatengenezwa na wengi na zinafanana sana, kwa hiyo ninayoyasema hapa yatamfaa hata mwenye ya rangi nyingine na nembo nyingine.

Ilikuja na kifuniko cha plastiki na karatasi ya maelezo. Karatasi inasema inavumilia joto hadi nyuzi 230, haihitaji kupakwa mafuta, na kwamba ukijaza mchanganyiko wako na kuoka, vipande vinatoka vyenyewe. Hayo mawili ya kwanza ni kweli kwa kiasi fulani. La tatu ndilo lililonipotezea Jumapili mbili.

Kabla hujaoka chochote, ioshe kwa maji ya moto na sabuni, kisha uiweke tupu ndani ya oveni kwa muda wa saa moja, madirisha yakiwa wazi. Yangu ilikuwa na harufu ya mpira mpya, na bila hatua hiyo naamini harufu ingeingia kwenye asali. Baada ya hapo haikunuka tena, mpaka tukio la mchuzi, ambalo nitalieleza.

Mara ya kwanza nilichukua mchanganyiko wangu wa siku zote, nikaujaza kwa kijiko, nikaoka dakika 25 kwa nyuzi 160 kama nilivyozoea. Juu ulikuwa na rangi nzuri ya kahawia. Nikaacha upoe, nikageuza kalibu, nikasukuma kwa vidole chini ya kishimo cha kwanza. Kipande kilitoka nusu. Nusu nyingine ikabaki ndani, imenata kwenye kona, rangi yake bado nyeupe kama oti mbichi. Katika vinane, vitatu tu vilitoka vizima, na siku ya pili hivyo vitatu vilirudi kutoka shuleni vikiwa chenga tupu chini ya mkoba, vimeingia mpaka kwenye daftari la hesabu.

Nilikaa nikafikiri kosa liko wapi, kwa sababu mchanganyiko ulikuwa uleule ambao kwenye bati ulishikana vizuri. Kosa ni kwamba granola inashikana kwa kushindiliwa. Kwenye trei ya bati nilikuwa naweka karatasi ya kuokea juu, nashindilia kwa kitako cha glasi nikiegemeza uzito wa mwili, na bati halisogei. Silikoni ni laini. Ukishindilia kishimo kimoja, kuta zake zinapanuka, jirani yake anabanwa, na mkono ukiondoka kila kitu kinarudi kilipokuwa. Mchanganyiko unabaki na nafasi za hewa katikati, na kila nafasi ya hewa ni mahali ambapo kipande kitavunjika.

Dawa yake niliipata Jumapili ya tatu. Weka kalibu juu ya trei ngumu ya chuma tangu mwanzo, jambo ambalo ni lazima hata hivyo, maana ukiinyanyua ikiwa imejaa itajikunja na kumwaga. Jaza vishimo vyote vinane kwanza, usianze kushindilia kimoja kabla vingine havijajaa. Vikiwa vimejaa vyote vinashikiliana, kuta hazina pa kwenda. Kisha shindilia kimoja baada ya kingine, rudi tena cha kwanza, zunguka mara tatu. Mimi natumia mchi wa kinu kidogo cha viungo, ncha yake nimeilowesha maji ili isinate. Utaona mchanganyiko unashuka karibu robo ya kina. Hapo ndipo unapoongeza kilichobaki na kushindilia tena.

Vipimo vyangu vya vishimo vinane ni hivi: oti bapa gramu 200, mbegu za maboga na za alizeti zilizochanganywa gramu 60, zabibu kavu gramu 40, siagi ya karanga gramu 70, asali gramu 110, na chumvi kidogo ya kubana kwa vidole viwili. Jumla ni gramu 480, yaani 60 kwa kila kishimo, na napima kila kimoja kwenye mizani ndogo kwa sababu wale wahasibu wangu wawili wanatazama. Oti nazikaanga kwanza bila mafuta kwenye kikaango kipana mpaka zinukie. Theluthi moja ya hizo oti naziponda kidogo. Unga wake unajaza matundu kati ya zile nzima. Usitumie zile za kuiva kwa dakika moja peke yake, zinageuka tope na kipande kinakuwa kama keki kavu.

Asali ndiyo inayoamua yote. Ikitoka kwenye chupa ina maji ndani yake, kidogo chini ya asilimia 20, na ukiimimina hivyohivyo haigeuki gundi. Naiweka kwenye sufuria ndogo, moto mdogo, nasubiri mapovu. Mwanzo mapovu ni makubwa na yanapasuka haraka. Baada ya dakika mbili tatu yanakuwa madogo, yanapanda polepole, yanabebana kama povu la sabuni, na rangi inaanza kukoza. Hapo nazima moto mara moja na kukoroga siagi ya karanga ndani. Kama una kipimajoto cha jikoni, nyuzi 115 zinatosha kwa kipande cha kutafunika; ukipita 120 kinaanza kuwa kigumu kwa meno ya mtoto. Tone moja ndani ya kikombe cha maji baridi linakuambia vilevile: likikusanyika kuwa kidonge laini unachoweza kukibonyeza kwa vidole, liko tayari.

Sasa kuhusu ule weupe wa chini. Silikoni haipitishi joto kama chuma. Kwenye bati, kingo na kitako cha granola vinakaangika. Kwenye kalibu hii vinapikwa tu kwa mvuke wao wenyewe. Nilijaribu kuongeza dakika, nikafika 35, juu ikaanza kuungua na zabibu zikavimba na kuwa chungu, chini bado pepe. Nikapandisha joto, hali ikawa mbaya zaidi kwa sababu asali inaungua mapema kuliko sukari ya kawaida.

Ninachofanya sasa ni kuoka mara mbili. Dakika 25 kwa nyuzi 160 ndani ya kalibu, naacha ipoe kabisa, saa nzima, kisha navitoa vipande, navigeuza juu chini kwenye trei tupu yenye karatasi ya kuokea, na kuvirudisha kwa dakika 8 kwa nyuzi 150. Vikitoka ni laini na vinaonekana kama vimeharibika. Usiviguse! Acha dakika 20, vitashupaa, na rangi yake itakuwa sawa pande zote. Baadaye nilikuja kujua kwamba kuoka mara mbili ndiko kulikoanzisha chakula hiki. Daktari James Caleb Jackson, huko Dansville katika jimbo la New York, mwaka 1863, alioka unga wa ngano isiyokobolewa, akauvunjavunja, akauoka tena, akauita granula. Ulikuwa mgumu kiasi kwamba ulilazimika kulowekwa usiku kucha ndipo uliwe asubuhi. Nilifurahi kuisoma habari hiyo, maana nilikuwa nimeanza kuona ninaizungushia kalibu njia ambayo haikuumbiwa.

Mtu atauliza: kama nalazimika kuoka mara mbili na kushindilia kwa mchi, kalibu imeniokolea nini? Kuhusu muda, haijaniokolea kitu. Zamani kazi nzima ilichukua saa moja na nusu, sasa inachukua saa mbili na zaidi, ingawa sehemu kubwa ni kusubiri. Nilichopata ni kipande kisichomomonyoka. Kipande kilichokatwa kwa kisu kina pande nne zilizojeruhiwa, na oti zilizokatwa katikati ndizo zinazoanza kudondoka. Cha kalibu kimezungukwa na ngozi ya asali pande zote. Kinafika shuleni kizima. Binti yangu alinirudishia karatasi aliyofungiwa, akaikunjua mbele yangu kunionyesha kwamba haikuwa na hata punje moja ya oti. Kwa hilo peke yake mimi naiwekea alama nzuri.

Mume wangu bado anataka cha bati, kile kigumu cha kingo, kinachopasuka mdomoni. Ana haki yake. Kalibu hii haitakupa kile. Kama nyumba yako wote ni watu wa kupasua, baki na bati lako, na usitumie hela.

Usafi ndio mahali ninapoipunguzia alama nyingi. Asali inayeyuka kwa maji ya moto bila taabu, lakini mafuta ya karanga yanaacha utando unaoteleza ambao hauondoki kwa sifongo mara ya kwanza. Mbegu za ufuta nilizijaribu mara moja tu. Ziliingia kwenye zile kona za chini na nikatumia kijiti cha meno kuzitoa moja moja. Nikiosha, naigeuza ndani nje kama soksi, ndiyo njia pekee ya kuzifikia kona.

Na harufu. Silikoni inakunywa harufu, na hili karatasi ya maelezo haikulisema. Mwezi wa tatu mtu mmoja hapa nyumbani, kwa nia njema kabisa, aliitumia kugandishia mchuzi wa nyanya wenye vitunguu saumu vingi kwenye friji. Niliiosha mara mbili, nikailoweka usiku mzima kwenye maji yenye magadi soda, nikainusa ikiwa baridi, safi. Nikaoka granola. Joto lilipopanda, kitunguu saumu kikarudi chote. Watoto walionja wakavirudisha kwenye sahani kwa heshima, bila neno. Nimeioka tupu tena mara mbili tangu wakati huo na imepungua, haijaisha.

Kifuniko kilipasuka kona wiki ya tano, kwa kufungwa na kufunguliwa tu, hakikuanguka. Sikitumii tena. Vipande navifunga kimoja kimoja kwenye karatasi ya kuokea na kuviweka kwenye kopo linalofunga vizuri. Asali inavuta unyevu, kwa hiyo kopo likiachwa wazi siku moja vinalegea. Ndani ya kopo vinakaa wiki nzima bila shida, na vikigandishwa vinatunza ladha hadi miezi mitatu; kitoe asubuhi, kufikia mapumziko ya saa nne kiko sawa.

Mambo ya watoto niyaseme bila kuzunguka. Asali hapewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata iliyookwa, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu unaopoozesha mwili, ambavyo joto la oveni ya nyumbani haliviui. Wifi yangu alikuja na mtoto wa miezi minane, bibi akataka kumlambisha, ikabidi niseme hapana mbele ya watu. Karanga na lozi nzima hazimfai mtoto wa chini ya miaka mitano, anaweza kupaliwa. Ndiyo maana natumia siagi ya karanga na mbegu ndogo. Na kama shule inakataza karanga, siagi ya mbegu za alizeti inashika vilevile, ongeza tu asali gramu 10 kwa sababu ni kavu zaidi. Tahini, yaani ufuta uliosagwa, nayo inafaa, ila uchungu wake mdogo unasikika.

Kwa upande wa afya sitaki kukuza mambo. Asali gramu 110 kwa vipande vinane ni karibu gramu 14 kwa kila kimoja, na hiyo bado ni sukari. Tofauti ni kwamba mimi najua ni kiasi gani na ni ya aina gani. Kwenye vipande vya dukani nilivyokuwa nikinunua, orodha ya viungo, ambayo hupangwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito, ilikuwa na sukari, sharubati ya glukosi na asali, kila moja mahali pake, na ukizijumlisha unaanza kujiuliza kama oti kweli ndizo zilizotangulia.

Alama yangu: nyota tatu na nusu kati ya tano. Ingekuwa nne kama wangeiwekea fremu ya waya kingoni ili isijikunje, na kama karatasi ya maelezo ingesema ukweli kuhusu kushindilia. Mwenye watoto wa shule, mizani, na Jumapili yenye nafasi ataifurahia. Anayetaka vipande ndani ya saa moja ataichukia.

Nimeshaagiza ya pili, ya kijani, kwa ajili ya granola peke yake. Hii ya kwanza nimeiandika MCHUZI kwa kalamu ya wino usiofutika na kuiweka ndani ya friji.