Goodreads na The StoryGraph: programu mbili za kuhesabu vitabu, kwa rafu ya msomaji wa Mombasa

Januari imepata desturi yake miongoni mwa wasomaji wa Mombasa. Watu wanaoazimana vitabu mwaka mzima huulizana kila mmoja amejiwekea kumaliza vingapi kabla ya Desemba, na jawabu hutolewa kwa kuonyeshana simu. Programu inayoonyeshwa mara nyingi ni Goodreads. Wachache wanaopenda takwimu hutaja The StoryGraph. Nimezitumia zote mbili kwa pamoja kwa mwaka mzima, nikiwa na daftari la kawaida pembeni, na ninaandika tathmini hii kwa sababu zile nilizozisoma kabla ya kuanza ziliandikwa na watu ambao rafu zao zimejaa riwaya za Kiingereza peke yake. Rafu ya msomaji wa Pwani haiko hivyo. Humo mna diwani za mashairi, tenzi, vitabu vya dini, riwaya za wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam, vitabu vya mitumba vilivyopoteza majalada, na siku hizi mafaili ya PDF yanayopitishwa kwa WhatsApp na kusomwa kwa simu ndani ya matatu au kwenye feri ya Likoni, msomaji akiwa amesimama.

Goodreads ndiyo kongwe. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 2007, ikanunuliwa na Amazon mwaka 2013, na kati ya miaka hiyo, mwaka 2011, ikaanzisha shindano la kusoma la kila mwaka ambalo ndilo chanzo cha desturi niliyoitaja. Kuitumia si kazi. Kila kitabu huingia katika rafu ya vinavyongoja kusomwa, ya vinavyosomwa au ya vilivyokwisha kusomwa, kisha mtu hukipa nyota kuanzia moja hadi tano na kuandika maoni akitaka. Kama kumbukumbu, mpango huu unatosha. Nikifungua rafu ya vilivyokwisha naona nilichokuwa nikisoma wakati wa masika na nilichokianza kusi ilipovuma, na kwa mtu ambaye vitabu vyake huchukuliwa na jamaa kabla wino wa jina lake haujakauka, ni faida kubwa kuwa na uhakika kwamba kitabu fulani alikisoma kweli na hakukiona tu kwa jirani.

Taabu huanza katika hesabu. Mshiriki wa shindano huandika idadi ya vitabu anavyokusudia, programu ikaigawa idadi hiyo kwa usawa katika siku za mwaka, na tangu hapo huambiwa kwamba yuko mbele ya ratiba au amebaki nyuma kwa vitabu kadhaa. Ratiba hiyo inachukulia kwamba siku zote ni sawa, dhana isiyo na msingi kwa mkazi wa mji huu. Ramadhani husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka katika kalenda ya Januari hadi Desemba, kwa hiyo haikai mahali pamoja mtu akaipangia; inapoingia, jioni huenda kwa futari na tarawehe, na riwaya hulala mezani hadi Idi ipite. Lakini huo si mwezi wa kutosoma. Msahafu una juzuu 30, na anayesoma juzuu moja kwa siku huhitimu mwezi unapomalizika. Kwa watu wengi wa Mombasa huo ndio mwezi wanaosoma kuliko mwingine wowote, kwa utaratibu na kwa sauti, ilhali programu inawahesabu kuwa wamelala. Simaanishi kwamba msahafu uingizwe kwenye rafu. Sioni adabu ya kuuwekea nyota, wala sijakutana na mtu anayefanya hivyo.

Ninachosema ni kwamba watu wa Pwani wamezoea kupima usomaji tangu zamani, na kipimo chao hakifanani na cha Goodreads. Mtoto wa chuoni akiulizwa amefika wapi hutaja sura au juzuu. Anayehitimu hupongezwa, kisha huanza upya tangu Alfatiha bila ya mtu kumwambia kwamba mara ya pili haina thamani ya mara ya kwanza. Kipimo kimo ndani ya maandishi yenyewe, na kurudia ni sehemu ya kusoma. Ni haki kueleza kwamba Goodreads nayo humruhusu mtumiaji kuandika tarehe za kurudia kitabu, na marudio hayo huhesabiwa katika shindano. Hata hivyo mpangilio wake wote, kuanzia mapendekezo hadi muhtasari wa mwaka unaotolewa Desemba, humwelekeza mtu kwenye kitabu kingine.

Athari yake huonekana zaidi kuanzia Novemba, pale aliyebaki nyuma anapoanza kutafuta vitabu vyembamba. Hapo shindano hugeuka kuwa mshauri mbaya, kwa kuwa katika fasihi ya Kiswahili wembamba wa kitabu si dalili ya wepesi wake. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mshairi mzaliwa wa Mombasa, ina tungo alizozitunga akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972, nayo ilichapishwa mwaka 1973. Mtu anaweza kuzigeuza kurasa zake zote Jumapili moja na kujiongezea kitabu katika hesabu. Akiisoma inavyostahili, kwa Kimvita chake, yaani lahaja ya Mombasa, na mafumbo yake, ataona shairi moja linajaza jioni nzima, na pengine atalazimika kumpigia simu mzee fulani wa Mji wa Kale kumwuliza maana ya neno ambalo kamusi za shuleni hazina.

Muyaka bin Haji, mshairi wa kale wa Mombasa, huipa programu mtihani mgumu zaidi. Alifariki karibu na mwaka 1840, mashairi yake yakabaki katika vifua vya watu wa Mvita hadi mmisionari Mwingereza William Taylor alipoyakusanya kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, na diwani yenyewe ikatolewa na William Hichens mwaka 1940. Kitabu cha namna hiyo hakianzwi tarehe fulani na kumalizwa tarehe nyingine. Leo mtu hutafuta ubeti wa mzaha, wiki ijayo hutafuta wa siasa za Wamazrui waliotawala Mombasa na Sultani Seyyid Said, na mwezi mwingine husikia mshororo barazani akarudi nyumbani kuutafuta ulipo. Goodreads inataka tarehe ya kumaliza ili ihesabu. Mimi nimemwacha Muyaka kwenye rafu ya vinavyosomwa, na huko atakaa.

The StoryGraph ni mpya zaidi. Ilianzishwa mwaka 2019 na Nadia Odunayo, mhandisi wa programu wa London, na inaonekana ilibuniwa na mtu anayejua kwamba wasomaji hawafanani. Tofauti ya kwanza niliyoipenda ni kwamba lengo la mwaka linaweza kuwa la vitabu, la kurasa, au la saa kwa wanaosikiliza vitabu vya sauti. Lengo la kurasa huondoa ile tamaa ya vitabu vyembamba, kwa sababu riwaya nene ya kurasa 500 hupata haki yake hata ikichukua miezi miwili. Nyota zake hugawanyika hadi robo, jambo linaloweza kuonekana dogo kwa asiyetoa alama, ila mimi ninayeona tofauti kubwa kati ya kitabu kizuri kiasi na kizuri hasa nimelifurahia sana. Kitabu kilichoachwa njiani nacho kina mahali pake rasmi, na mtu anaweza kuandika sababu ya kukiacha. Ukurasa wangu wa vitabu vilivyoachwa umenifunza juu ya ladha yangu kuliko ukurasa wa nyota tano.

Takwimu zake ndizo zinazowavuta wengi. Mwisho wa kila mwezi msomaji hupata michoro inayoonyesha kurasa alizosoma, mwendo wa vitabu kama ulikuwa wa polepole au wa haraka, na hali ya moyo iliyotawala: huzuni, mchemko, tafakuri na kadhalika. Kwa riwaya, michoro hii inasema kweli. Niligundua kwa kuitazama kwamba karibu riwaya zote za Kiswahili ninazochagua zimewekwa katika upande wa huzuni, na tangu hapo nimeanza kuwauliza rafiki zangu riwaya za kuchekesha, ombi ambalo limewapa kazi kubwa kuliko nilivyotarajia. Kwa mashairi michoro haina msaada. Diwani moja ina mapenzi, vita, mawaidha na kejeli katika kurasa zinazofuatana, na kuchagua hali moja ya moyo kwa niaba ya kitabu chote ni kukisingizia. Hesabu ya kurasa nayo huikosea diwani vilevile, maana ukurasa wenye beti mbili na ukurasa uliojaa nathari huhesabiwa sawa.

Suala la vitabu vyenyewe kupatikana ndani ya programu linahitaji maelezo kidogo. Njia rahisi ya kuingiza kitabu ni kuelekeza kamera ya simu kwenye mistari iliyoko nyuma ya jalada, ambayo hubeba ISBN, yaani nambari ya kukitambulisha kitabu. Nambari hizo zilikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1970, zikawa za tarakimu 13 kuanzia 2007, na kwa vitabu vya Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, ndiyo maana vitabu vingi vya wachapishaji wetu vina 9966 ndani ya nambari zao. Kitabu kilichochapishwa kabla ya mpango huo hakina cha kuskaniwa, na ndivyo ilivyo kwa vijitabu vya tenzi vilivyochapishwa na watu binafsi na kwa yale mafaili ya WhatsApp. Goodreads hutegemea wakutubi wa kujitolea kurekebisha na kukamilisha taarifa za vitabu. The StoryGraph humruhusu msomaji kuingiza mwenyewe kitabu kisichokuwepo. Kwa vyovyote vile, anayesoma Kiswahili kwa wingi ajiandae kuandika jina la kitabu, la mtunzi na idadi ya kurasa kwa mkono wake, na aandike kwa uangalifu, kwa kuwa atakayekuja baada yake atakuta alichokiandika yeye.

Tafsiri nazo zina utata wake. Kwa utaratibu wa Goodreads, kitabu cha asili na tafsiri zake huunganishwa kuwa matoleo ya kazi moja, na nyota zote huchanganywa. Aliyesoma Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 1994, kisha akasoma Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, amesoma vitabu viwili vinavyostahili hukumu mbili, kwa sababu mazungumzo ya wahusika wanaoishi katika Pwani hii yana ladha nyingine kabisa yanaporudi katika Kiswahili. Wastani wa nyota hauwezi kumwambia mtu lolote juu ya kazi ya mfasiri. Anayetaka kujua kama tafsiri imefaulu asome maoni ya walioisoma, wala asitazame wastani.

Programu zote mbili humsemesha mtumiaji kwa Kiingereza. Si kizuizi kwa wengi, lakini shangazi yangu, ambaye husoma kuliko mimi, aliitazama kwa dakika chache akanirudishia simu.

Baada ya mwaka huo nimebaki na mpangilio ufuatao. Riwaya na vitabu vya maarifa huingia The StoryGraph, lengo likiwa la kurasa na likiwa dogo kwa makusudi, ili Ramadhani ipite bila ya kunifanya mdeni. Mashairi na tenzi hukaa kwenye daftari, ambamo naandika shairi, ukurasa, neno lililonishinda na jina la aliyenifafanulia. Humo pia naandika nani ameazima nini, kazi ambayo daftari huifanya vizuri kuliko simu. Goodreads sijaifuta, kwani ndiko waliko wasomaji wengi na ndiko kunakopatikana maoni mengi kuhusu kitabu kabla ya kukinunua. Mwanafunzi au mtu anayerudi kwenye kusoma baada ya miaka mingi anaweza kuanza nayo, mradi aliache shindano au ajiandikie idadi ndogo sana. Aliye na mazoea tayari atafaidika zaidi na The StoryGraph, na kuhama ni rahisi kwa sababu Goodreads hutoa faili la rafu zote na The StoryGraph hulipokea.

Kuhusu gharama, zote mbili hutumika bure. The StoryGraph ina toleo la kulipia linaloongeza michoro na ulinganisho wa takwimu. Mwenye kumbukumbu za mwaka mmoja au pungufu hana mengi ya kulinganisha, kwa hiyo namshauri abaki na la bure hadi Januari ya pili.